Maumivu ya mgongo na viungo: kabla hujamlipa mtu akushike, soma hapa

Fundi Sare (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza, "Mgongo unaniua, niende wapi?" Na kila wiki majibu ni yale yale. Mmoja anasema nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wa pili anatoa namba ya mkandaji wa Mbagala, wa tatu anasifia kliniki wanakokugeuza mgongo ukalia "ka!" na kesho yake uko kazini. Wote wanasema kwa nia njema. Ila sijaona anayemgeukia mwenye mgongo akamuuliza: unauma vipi? Umeanza lini? Unashuka mguuni au unabaki palepale? Leo naandika yote, mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili limenila pesa mimi na nusura limchukulie bi mkubwa wangu miguu yake.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Kariakoo. Anayeijua kazi hii anajua Desemba na Januari zilivyo. Unakaa kwenye stuli tangu alfajiri, kiuno kimepinda, mguu wa kulia haubanduki kwenye pedeli. Januari mwaka jana niliinama kuchukua jora la kitambaa cha kaki, nikasikia kitu kimefyatuka kiunoni. Sikuanguka. Nilibaki nimeinama, nimeshika meza ya kukatia, kijana wangu anadhani natafuta sindano. Siku mbili baadaye maumivu yakashuka tako la kulia, paja kwa nyuma, kigimbi, hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Nikikanyaga pedeli naona kama nakanyaga godoro.

Nilianzia kwa mkandaji. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mikono yake inajulikana. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na karafuu, anakuchua taratibu kuanzia mabegani hadi unasinzia. Usiku ule nililala usingizi wa kwanza baada ya wiki. Asubuhi yakarudi. Nikaenda mara sita, 15,000 kila mara. Mara ya sita akanawa mikono, akaniambia, "Mwanangu, hii siyo misuli. Misuli ingeshaniitikia. Nenda hospitali." Namheshimu hadi leo kwa neno hilo, na nitalirudia huko chini.

Sikwenda hospitali. Nilikwenda duka la dawa. Diklofenaki ya sindano siku tatu, halafu vidonge, halafu vidonge tena, kwa sababu vilikuwa vinanisaidia kumaliza oda. Wiki ya tatu tumbo likaanza kuwaka moto, choo kikawa cheusi kama lami. Ndugu zangu, choo cha namna hiyo ni damu inayovuja tumboni. Zahanati walinisimamisha dawa siku hiyo hiyo, nikatibiwa tumbo kabla ya mgongo.

Kituo cha tatu ni kliniki moja ya kunyoosha mgongo, sitaitaja. Sebule nzuri, kiyoyozi, ukutani picha za uti wa mgongo. Yule aliyenihudumia alinilaza, akapapasa, akasema pingili zimehama na shingo ndiyo chanzo. Hakuniuliza habari ya mguu. Hakunivua hata soksi. Akashika kichwa changu akakizungusha ghafla kushoto, kulia, mifupa ikalia. Nikasimama najisikia mwepesi, nikaamini. Mezani nikaandikiwa vipindi 24, malipo kabla. Nililipia vitatu. Baada ya cha tatu mguu ulikuwa unaburuta ndala.

Hapo ndipo shemeji yangu aliponipeleka kwa daktari bingwa wa mifupa. Nikapigwa MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, karatasi ikasema disiki, ule mto ulio kati ya pingili, imetokeza kati ya L4 na L5, yaani pingili mbili za chini kiunoni. Nilishajiandaa kisu. Daktari akaniambia, "Kwa sasa hii siyo ya kupasua. Unakwenda fiziotherapia, tiba ya mazoezi, na nitakuona baada ya wiki sita. Ukishindwa kuzuia mkojo kabla ya hapo, uje siku hiyo hiyo, hata usiku."

Nataka niwaeleze yule fizio alifanya nini siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo siku nilipoelewa tofauti. Dakika ishirini za mwanzo hakunigusa. Aliuliza kazi yangu, akataka nimuonyeshe ninavyokaa, akaniambia nikae kwenye stuli ya pale kana kwamba kuna cherehani mbele yangu. Aliuliza kama nakohoa, kama nimepungua uzito, kama nina homa za jioni, kama nikipiga chafya mguu unashtuka. Halafu akanivua viatu. Nitembee kwa visigino. Nitembee kwa ncha za vidole. Akashika kidole gumba cha mguu wa kulia, akasema nikivute juu nishindane naye. Nikashindwa, cha kushoto nikaweza. Akagonga magoti na nyuma ya vifundo kwa kinyundo cha mpira. Nikalala chali, akanyanyua mguu ukiwa umenyooka, haujafika hata nusu nikapiga kelele. Ndipo akasema, "Sawa. Mshipa wa fahamu unaotoka pale kiunoni umebanwa. Siyo shingo."

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya kutisha. Nalala kifudifudi kwenye mkeka, naegemea viwiko, nanyanyua kifua, kiuno nakiacha chini. Mara kumi, kila baada ya saa mbili, mchana kutwa. Mafundi wenzangu walizoea kuniona chini ya meza. Fizio aliniambia kitu ambacho sikukisikia popote kabla ya hapo: maumivu yakitoka kidoleni yakapanda kigimbini, halafu pajani, halafu yakabaki kiunoni peke yake, ni habari njema hata kama kiuno kwa wakati huo kinauma zaidi. Wiki ya tatu yalihama kidoleni. Wiki ya kumi nilirudi kushona kutwa, ila sasa stuli ni ndefu zaidi na kila nikimaliza shati tatu nasimama.

Sasa bi mkubwa. Hii ni ya mwaka 2019, na ndiyo inayoniuma. Mama alilalamika mgongo katikati, usawa wa mabega kushuka. Tukasema uzee, kilimo. Akakandwa kijijini miezi minne. Alikuwa anakonda, tukasema hali vizuri kwa sababu ya maumivu. Usiku analowa jasho, tukasema joto. Nilipokwenda kumsalimia, nikampaka dawa ya kuchua mgongoni, mkono wangu ukapita juu ya kinundu. Kimfupa kimechomoza, kigumu. Na alipojaribu kusimama miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zimeliwa zimeporomoka. Ilikuwa TB ya mifupa. Hakuwahi kukohoa hata siku moja. Alimeza dawa mwaka mzima, za bure za serikali, na leo anatembea na mkongojo wake. Lakini miezi minne ile tulikuwa tunamkanda mtu ambaye pingili zake zinaporomoka, na kila nikikumbuka mkono wa yule mtu ukikandamiza pale nasisimkwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Msianze kuchagua kati ya mkandaji, fizio, bingwa na mnyoosha mgongo. Anzeni kutafuta mtu wa kuwaambia hiki ni nini. Mtu wa kwanza awe yule anayeuliza na kupima kabla ya kushika, na anayekubali kusema "hii siyo yangu, nenda kwa fulani". Yule mama mkandaji alilisema kwa hiari yake. Yule wa sebule ya kiyoyozi hakulisema.

Karibuni tuelimishane.

MamaWawili Tanga

Asante sana kaka, pole na hongera, na mpe bi mkubwa salamu zangu. Mimi ni goti, nina miaka 56. Nikikaa chini kunyanyuka ni shughuli, ngazi ndiyo kabisa nashuka kwa ubavu. Nimeambiwa mafuta ya goti yamekauka. Nala bamia kila siku tangu mfungo wa Ramadhani, naona bado. Kuna mtu anataka kunichoma sindano ya gotini. Je, hili ni la bingwa au la huyo fizio?

Fizio wa Kaskazini

Nimesomea fiziotherapia hospitali ya KCMC Moshi na kazi hii naifanya kila siku, nichangie.

Fundi Sare, ulichosimulia ndivyo inavyotakiwa kupimwa. Yale maswali ya kukohoa, kupungua uzito na homa za jioni yalikuwa yanatafuta hasa kilichompata mama yako. Kwa nchi zetu, mgongo unaouma kwa miezi, unauma hata umelala, na mtu anakonda, lazima TB ifikiriwe. Kwa mzee wa kiume ifikiriwe pia saratani ya tezi dume, maana hupenda kukimbilia mifupa ya mgongo. Mtu huyo haanzii kwangu wala kwa mkandaji. Anaanzia kwa daktari.

Dada wa Tanga, shikamoo. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila, ila ule ute unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, haufiki gotini. Kwa umri wako na ulivyoeleza, inaelekea ni gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, linasagika. Dawa yake kubwa ni msuli wa paja la mbele. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti mpaka mguu ulingane na paja, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Kumi, pumzika, kumi tena, asubuhi na jioni. Ukizoea, anza kunyanyuka kwenye kiti bila kushika mikono. Uzito ukipungua kidogo goti litakushukuru. Sindano ni ya daktari kuamua baada ya kukuona, usichomwe na mtu wa mtaani. Lakini ukiona goti limevimba ghafla, la moto, na una homa, hilo halingoji mazoezi, nenda hospitali siku hiyo, usaha unaweza kuharibu kiungo ndani ya siku chache.

Na vidole vya mikono vipoje? Nauliza kwa sababu mtu akiamka asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa zaidi ya saa nzima, vimevimba kwenye maungio, hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa baridi yabisi, na ina dawa zake za hospitali ambazo zikianza mapema huokoa viungo. Watu wanachuliwa vidole miaka, huku vinapinda.

Jambo la MRI. Msiogope karatasi. Kuna uchambuzi ulichapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20 tu, 30 kwa 100 disiki zao zilikuwa zimetokeza. Wenye miaka 80, 84 kwa 100. Hawaumwi! Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, inatakiwa ifanane na dalili za mwili, kama kile kidole gumba cha Fundi Sare kilichokosa nguvu. Atakayekuonyesha picha tu akakwambia utapooza, mwombe akupime mwili.

Dereva Mstaafu

Mimi nitetee wakandaji kidogo. Miaka 30 nimeendesha lori Dar hadi Tunduma, shingo na mabega yangu yametunzwa na mikono ya wazee hawa. Siyo kila maumivu ni TB jamani. Mtu amechoka, msuli umekaza, akikandwa anapona. Mkitisha watu hivi kila mtu atakimbilia MRI ambayo hawezi kuilipia.

Fundi Sare (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo, na nakubaliana nawe. Sijasema wakandaji wafutwe. Mama mkandaji ndiye aliyeniambia ukweli kabla ya wote. Msuli uliokaza baada ya safari, kiuno kilichochoka na jembe, kandwa, oga maji ya moto, lala. Ila ukikandwa mara mbili tatu hakuna badiliko, au kuna ganzi, au nguvu inapungua, acha. Hapo ndipo ninapoweka mpaka.

Fizio wa Kaskazini

Mzee Dereva ana hoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu mgongo wa chini unaouma kwa muda mrefu, umekubali kukanda na hata kunyoosha pingili kwa mikono viwe sehemu ya tiba, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Kilichokataliwa kuwa tiba ya kawaida ni vitu ambavyo watu wanauziwa kwa bei kubwa: mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, mashine za mawimbi ya sauti. Nasema hivi nikijua hata kwenye idara zetu za utengamao mashine hizo zipo. Mgonjwa akiziona anaona ametibiwa. Mazoezi anaona ni kupotezewa muda. Nikimpa mtu zoezi la bure la kufanya nyumbani, ananiuliza, "Sasa dawa iko wapi?" Inanisikitisha kila siku.

Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nataka niseme la mafundi wa kuunga mifupa. Mwanangu alianguka kutoka kwenye mwembe, kiwiko. Mamangu akasema tusimpeleke hospitali atafungwa piopi (plasta ngumu) miezi, kuna mzee hodari. Yule mzee akamfunga kwa vijiti na matambara, akakaza kwelikweli. Usiku mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi vidole vimefura, vya baridi, nikimnyoosha kimoja analia zaidi. Mungu alinisaidia, jirani yangu ni muuguzi, alipoona vile vidole akachukua mkasi akakata zile kamba palepale kabla hata ya kuuliza. Hospitali wakatuambia tungechelewa kidogo misuli ya mkono ingekufa, mkono ungejikunja maisha yake yote. Mfupa uliovunjika ni hospitali kwanza, hasa kiwiko cha mtoto. Ukishafungwa, popote pale, hata hospitali, angalia vidole kila saa: vikiwa baridi, vyeusi, vina ganzi, rudi mbio.

Pia kwa wenzangu wa Kenya: tuna sheria ya mafizio ya mwaka 2014 na baraza lake. Muulize mtu kama amesajiliwa. Si ufidhuli, ni haki yako.

Leicester Baridi

Niko Uingereza, nimesoma uzi wote. Nifafanue majina yanayowachanganya wengi. Kairopraktiki ndiyo hiyo ya kunyoosha pingili za mgongo, fani iliyoanzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, na D.D. Palmer. Osteopathi ilitangulia, ya daktari Andrew Taylor Still, mwaka 1874, huko huko Marekani. Zote zinatumia mikono. Ila Marekani mwenye shahada ya osteopathi ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua. Hapa Uingereza mtu wa osteopathi siyo daktari wa hospitali, ila jina limelindwa na sheria ya mwaka 1993, na la kairopraktiki sheria ya 1994. Huruhusiwi kujiita hivyo kama hujasajiliwa.

Kwa hiyo mtu akibandika bango la kairopraktiki huko nyumbani, muulize amesomea wapi na miaka mingapi. Aliyesoma kweli amekaa chuoni miaka minne au mitano na atakupima kama alivyopimwa Fundi Sare. Aliyejifunza kwenye video anajua kuliza mifupa tu. Ule mlio wenyewe ni gesi ndani ya maji ya kiungo, haumaanishi kuna kitu kimerudi mahali pake. Na shingo kuzungushwa kwa nguvu ina hatari, adimu lakini ipo: mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Una haki ya kusema shingo yangu usiizungushe.

MamaWawili Tanga

Fizio mwanangu, marahaba. Vidole vyangu viko salama, ni goti tu. Nimeanza lile zoezi la kiti leo. Mguu wa kulia ulitetemeka nikafika saba. Ni kawaida?

Fizio wa Kaskazini

Ni kawaida kabisa mama. Anza na hizo saba. Wiki ijayo utafika kumi.

Nyegezi Kwetu

Wakuu samahani naingilia. Nimefika hapa kwa kutafuta dawa ya mgongo. Nimebeba mifuko ya simenti juzi, mgongo ukakata, sasa miguu yote miwili inachoma. Tangu jana usiku mkojo hautoki vizuri, na nikikaa sisikii vizuri sehemu ya kukalia, kama nimekalia ganzi. Kuna mzee hapa mtaani ananikanda kesho asubuhi. Nisubiri au nitafute lile zoezi la kifudifudi?

Fizio wa Kaskazini

Kaka USISUBIRI. Usikandwe na usifanye zoezi lolote. Ganzi sehemu ya kukalia na mkojo kugoma maana yake mishipa ya fahamu ya chini yote imebanwa. Inaweza kuhitaji upasuaji wa haraka, tunahesabu saa, siyo siku. Uko Mwanza, nenda hospitali ya Bugando, mapokezi ya dharura, sasa hivi. Ukifika usiseme "mgongo unauma", watakupanga foleni. Sema maneno haya: "Mkojo hautoki na nimekufa ganzi ninapokalia."

Fundi Sare (mleta uzi)

Mkuu wa Nyegezi, umesoma? Una mtu wa kukupeleka? Kama ni nauli sema hapa hapa, tupo.

Dereva Mstaafu

Mwanangu, mimi ndiye niliyewatetea wakandaji hapo juu. Mwambie mzee wa kesho asikuguse. Nenda.

Nyegezi Kwetu

Mimi ni mke wake. Ameniachia simu. Tuko kwenye bajaji, tumeshapita Mkuyuni. Nimeyaandika yale maneno mkononi nisisahau.